Kitanda cha Fundi Saa

Mhudumu hakuwa na cheti, hakuwa na kiti kikaoni, wala hakuwa na ulimi wa kubishana na wakubwa. Alisimama na sinia la chai akiwasikiliza matroni wa nyumba ya wazee na binti wa Fundi Saa, kando ya kitanda cha mzee huyo. Mzee alikuwa ameanguka mara mbili mwezi ule, na kaka mkubwa wa binti alikuwa ameandika kwamba kitanda cha baba yao kizungushiwe vyuma.

"Kwani mimi mbuzi, mnijengee zizi?" mzee aliuliza.

"Ni kwa kukupenda, baba," binti akajibu, machozi yakimlengalenga.

Mhudumu akatua sinia. "Samahani, matroni. Mzee husimulia akinywa chai kwamba miaka hamsini aliyolala na marehemu mkewe, yeye alishukia kushoto. Hapa kushoto kuna ukuta, kwa hiyo anapita miguuni pa kitanda, ndipo anapoanguka. Tukigeuze tu."

Matroni akamtazama mzee. "Ni kweli?"

"Kweli tupu. Hakuna aliyeniuliza!"

Wakakigeuza palepale. Fundi Saa akajilaza, akainuka, akashuka kushoto polepole hadi nyayo zote mbili zikatulia sakafuni. Akamwambia bintiye, "Huyu angekuwa mkwe wangu, ningekula chumvi nyingi zaidi."

Binti akacheka huku akijifuta macho, kisha akaandika: "Kaka, vyuma hatuweki. Baba anashuka mwenyewe, nimemwona." Mzee akatia sahihi, matroni akatia, mhudumu naye akatia. Binti akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaiwahisha posta.