Magurudumu ya Gari Lililolala

Nilikuwa nimelala chali chini ya ambulensi ya kituo chetu cha afya, tochi mdomoni, nilipoliona tairi la akiba. Nikaitema tochi.

Ngoja nianze vizuri, maana hasira yangu ina tabia ya kuyatangulia maneno.

Ambulensi ile ilikuwa juu ya mawe. Jiko lina mafiga matatu. Hii walikuwa wameipa manne, moja kila pembe. Ilisimama miezi minne nyuma ya kituo ikingoja pampu ya mafuta, na wiki tano zilizopita mfagiaji alikuja asubuhi akakuta magurudumu yote hayapo. Rimu, tairi, nati, vyote vimekwenda. Vile vifuniko vyeupe vya plastiki tu ndivyo vilivyobaki, vimeegemezwa ukutani kwa mpango mzuri kama sahani zilizooshwa. Mwizi nadhifu! Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mimi sisahau. Nakumbuka mabati ya shule yaliyokwenda kuezeka banda la kuku la mtu aliyevaa tai. Nakumbuka bomba letu la maji lilivyopinda kona bila sababu likaingia kwenye bustani ya mtu. Mwaka ninao, mwezi ninao, na rangi ya tai ninayo. Basi nilipanda juu ya ndoo mbele ya kituo, nikasema mpaka koo likapasuka. Hawaniiti Kipaza bure. Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NANI AMEKULA MAGURUDUMU? Nikaitisha mkutano, Jumamosi saa kumi jioni, nikaapa mbele za watu kwamba siku hiyo mwizi nitamtaja.

Na safari hii sikuwa napigania jambo la watu baki. Binti yangu ana mimba ya miezi minane, na kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Daktari alimwambia waziwazi: siku utakayoona damu, uwe hospitali kubwa kabla saa mbili hazijapita, vinginevyo sina la kukuahidi. Hospitali kubwa iko kilomita themanini. Madereva wa teksi wakisikia damu, simu zao huishiwa chaji. Pampu ilifika Jumatano, ikafungwa Alhamisi, injini ikawaka mara ya kwanza. Gari likawa zima, halina miguu.

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi nilikuwa uvunguni. Kazi yangu ni kukereza vyuma, nina mashine ya kukereza niliyoinunua kiwanda kilipokufa. Nilikuwa napima habu, ile nundu ya katikati inayoingia kwenye tundu la rimu, ili tutafute rimu za gari la aina nyingine zitakazokubali. Nikageuza shingo. Tairi la akiba lilikuwa bado limening'inia kwenye mnyororo wake, bolti yake imeganda kwa kutu. Na rimu yake haikuwa na kifuniko.

Kwa miaka yote ambulensi ile ilitembea na vifuniko, sikuwahi kuona rimu zake uchi. Sasa niliiona. Matundu matano ya bolti. Madirisha kumi madogo ya duara kuzunguka. Na kando ya tundu la katikati, muhuri wa kiwandani uliogongwa kwenye chuma, ukiishia na namba 417.

Namba hiyo nilikuwa nimeishika kwa vidole vyangu. Wiki tatu nyuma nilifunga kwenye mashine yangu rimu nne za namna hiyohiyo, muhuri huohuo, nikapanua matundu yao ya katikati kutoka milimita sitini na saba hadi sabini na nusu. Zilikuwa za mdogo wangu, kwa ajili ya gari lake.

Na mdogo wangu ndiye dereva wa ambulensi.

"Kipaza!" mlinzi aliinama akaona miguu yangu haitikisiki. "Umekufa huko?"

"Bado," nikamwambia. Na ni kweli sikuwa na hakika.

Nilitembea hadi kwa mdogo wangu nikiwa nimeshika spana bila kujua kwa nini nimeishika. Watu wananisalimia njiani, "Kipaza, leo ndiyo leo!" na mimi nainua spana kama bendera.

Gari lake lilikuwa uani. Ni gari la zamani la Kimarekani, yale yanayoitwa ya misuli: milango miwili, boneti ndefu kama uongo, injini ya silinda nane inayokunywa kama harusi. Alilikuta kwenye uwanja wa mkandarasi aliyefilisika, ni ganda tu, panya wamezaa kwenye viti. Amelifufua kwa miaka kumi na mmoja, Jumapili baada ya Jumapili. Rimu zake za asili zililiwa na kutu, na tairi za saizi ile ya kale huzipati hata kwa maombi. Kilichobaki kumshinda kilikuwa magurudumu. Sasa liko kijani, limeng'arishwa, limesimama juu ya miguu minne myeusi. Nilichuchumaa. Madirisha kumi. Nilihesabu mara mbili, kama mjinga anayetumaini kumi itakuwa tisa.

Mdogo wangu akatoka ndani na kitambaa begani.

"Kaka! Usiliangalie hivyo, litaona haya."

"Yametoka wapi?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Haya magurudumu yametoka wapi?"

Akakunja kitambaa. Akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama leso. "Nimeazima," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa... gari."

"Gari lilikwambia chukua?"

"Kaka, sikiliza kwanza. Gari lilikuwa limelala! Miezi mitatu hakuna pampu, na barua zako zote hazikuleta pampu. Mimi ndiye ninayelifunika turubai, mimi ndiye ninayelifuta vumbi. Nikasema magurudumu yanakaa bure pale, tairi zinapasuka kwa jua. Gari langu lipo, halina viatu. Aliyelala anahitaji viatu?"

"Mgonjwa humvui viatu ukaenda navyo harusini!"

"Ningeyarudisha siku pampu ikifika. Haki ya Mungu."

"Pampu imefika Jumatano. Leo ni siku gani?"

Macho yake yakaenda kwenye gari, na nikaona kile nilichokuwa siwezi kukiamini: alikuwa analionea huruma gari. Mtu niliyembeba mgongoni mama alipokuwa kiwandani. Niliyemlisha. Mtoto wa kaka yake ana siku chache ajue kama anaishi, na yeye anaangalia boneti.

"Mwenzio ana kondo limekaa chini," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba, siyo yangu. "Ni binti yako yule. Anakuita baba mdogo."

"Ningempeleka mimi! Kwa hili hapa!" Akapiga paa kwa kiganja. "Hili linaiacha ile ambulensi kwa mbali."

"Dripu utaining'iniza wapi? Kwenye usukani? Atalala wapi, kwenye buti?"

Akasema polepole, bila hasira, na ndiyo maana liliniingia:

"Na wewe hukuniuliza."

"Ulisema umezitoa kwenye mabaki ya magari."

"Nilisema. Na wewe ukaniangalia usoni ukacheka. Tangu nina miaka minne unajua nikidanganya, kaka. Sikio langu la kushoto linapata moto, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha nilifiche. Magurudumu ya ambulensi yameibwa, mji mzima unakusikiliza juu ya ndoo, baada ya wiki mbili nakuletea rimu nne zimepakwa rangi mbichi. Mtu wa kukumbuka kila kitu! Hukuuliza."

Nilitaka kumjibu. Majibu huwa yanapanga foleni kinywani mwangu. Lakini nilikumbuka siku ile, maana sisahau. Nilikumbuka chuma kikitoka kwenye kisu cha mashine kama maganda membamba, nami nikifurahi kama mtoto kwa sababu kazi ilikuwa safi, na kwa sababu baada ya miaka kumi na mmoja mdogo wangu angeendesha gari lake. Niliona sikio. Nililiona jekundu. Nikainama nikaendelea kupima.

Nikakaa kwenye ndoo yake ya maji ya sabuni, nikalowa.

"Tuyarudishe sasa hivi," akasema, akichuchumaa mbele yangu. "Kimya kimya. Mlinzi nitampa soda. Mkutanoni useme yameokotwa mtaroni. Watashangilia, kaka. Watakubeba."

Uniwie radhi wewe unayesoma: niliwaza. Sikuwaza kidogo. Niliwaza mpaka nikaiona sura ya huo mtaro.

Lakini chuma hakina siasa. Gurudumu la ambulensi ile hukalia habu yake, na habu ni sitini na saba. Mimi nimeyapanua. Ukiyafunga hivyo, bolti peke yake ndizo zitakazobeba mzigo. Yatakaa upande kidogo, gari litatetemeka kwenye mwendo, nati zitalegea moja moja, na ndani amelala binti yangu. Kuyaponya, lazima nikereze pete nne za alumini za kuziba ile nafasi, nizipime kwenye gari lenyewe, mbele ya mlinzi niliyepiga kelele mwenyewe mpaka akawekwa. Na fundi yeyote atakayeona pete zile atauliza nani alikata tundu. Mashine ya kukereza hapa ni moja.

"Fungua nati," nikamwambia. "Yote manne yawe kwangu kabla ya saa kumi na moja."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kwenye mkutano wangu."

Watu walijaa nyuma ya kituo mpaka ukutani. Matroni wa kituo alikuwa na kiti, binti yangu alikuwa na kiti, mikono juu ya tumbo. Wengine wote wamesimama. Walinipigia makofi. Ndoo ilikuwa tayari imewekwa. Sikuipanda.

"Niliapa nitamtaja mwizi," nikasema.

"Mtaje!" "Mtaje, Kipaza!"

"Wako wawili. Mmoja ni dereva, mdogo wangu, ndiye aliyeyafungua. Wa pili ni mimi. Nimeyapanua matundu kwenye mashine yangu yaingie kwenye gari lake."

Wakacheka. Wallahi walicheka, walidhani ni utangulizi, kwamba sasa nitageuza maneno niseme hivi ndivyo wakubwa wanavyotaka tuamini. Waliingoja ile kona. Haikuja. Kicheko kikafa kutoka mbele kwenda nyuma, mstari kwa mstari, na nikaona nyuso ambazo nimezihutubia miaka ishirini zikinitazama kana kwamba nimevua ngozi.

Mama muuza mkaa, ambaye hajawahi kukosa mkutano wangu hata mmoja, alisogea hadi mbele. Hakupaza sauti.

"Hukujua ni ya ambulensi?"

"Sikujua."

"Na hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Sisi ulituambia tuulize kila kitu. Mpaka bei ya sindano nikauliza, nikatukanwa. Wewe hukuuliza?"

Nikafungua kinywa kueleza. Nilikuwa na maelezo, na yalikuwa mazuri. Binti yangu akaniwahi.

"Baba. Yatakuwa tayari saa ngapi?"

"Kesho mchana. Lakini nataka watu waelewe kwamba—"

"Nenda kazini, baba. Maneno hayanibebi."

Wanawake sita walinifuata. Wakakaa mlangoni mwa karakana yangu kama jopo la mahakama, mama muuza mkaa katikati. Mdogo wangu akaleta magurudumu kwa mkokoteni, mawili mawili, akipita katikati yao na sikio lake jekundu, hakuna aliyemwitikia salamu. Nikafunga kipande cha alumini kwenye mashine. Kila nilipogeuka kusema neno, mama muuza mkaa alisema, "Kereza." Nikakereza.

Jumapili mchana pete ziliingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira, na magurudumu yakakaa. Matroni hakuniamini kwa mdomo. Aliingia na beseni la maji ndani ya gari, sehemu ya nyuma, akalipakata, akamwamuru mdogo wangu aendeshe mpaka mzani wa malori na kurudi kwa mwendo wa kweli. Waliporudi, sketi ya matroni ilikuwa kavu. "Utaendesha wewe mpaka tupate dereva mwingine," akamwambia, "kwa sababu mwingine hatuna. Usidhani ni msamaha."

Damu ilikuja siku ya nne, saa tatu asubuhi. Nilifika kituoni nakimbia na spana mkononi, safari hii nikijua ya nini. Walikuwa wameshampakia, mama muuza mkaa ndiye aliyekaa kando yake. Nikajitupa kwenye gurudumu la mbele, nikaanza kukaza nati, moja, mbili, ya tatu, nikahamia la nyuma. Mdogo wangu alikuwa amewasha injini, analia waziwazi kwenye usukani.

"Nani yuko hapo nje?" Ilikuwa sauti ya binti yangu, kutoka ndani.

"Ni mimi, mama. Nakaza tu—"

"Ulishakaza jana! Na juzi! Baba, ondoka hapo, tunakwenda!"

Nikaondoka. Vumbi lao lilikaa hewani muda mrefu kuliko kawaida, au mimi ndiye niliyekaa.

Simu ililia saa nane. Mdogo wangu alisema wamepasua, mtoto ni wa kike, ameongezwa damu mama yake, wote wanapumua. Akasema gari halikutetemeka. Kisha akangoja niseme kitu, maana ananijua.

"Kaka? Haloo? Upo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama katikati ya karakana, watu wamejaa mlangoni wakinisubiri niwaambie, na sauti haikutoka. Ilibidi nimpe simu mtu mwingine.