Jina la Hermani Mwishoni mwa Sinema

Majina yalipoanza kupanda kwenye shuka jeupe, watu waliinuka. Ndiyo kawaida yao. Kwao sinema imeisha mzee akishawapata ng'ombe wake waliopotea. Yanayofuata ni maandishi tu, na maandishi hayamzuii mtu kwenda kutazama mbuzi wake. Mimi nilibaki kwenye benchi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hayo maandishi.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kigango chetu hapa Tlawi. Vijana walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi. Mashine iliendeshwa na Restituta, katibu wao, na nilimwomba mapema asizime mpaka jina la mwisho lipite, kwa sababu huwa anazima. Alinikubalia.

Mume wangu Hermani ndiye aliyeongoza ng'ombe katika sinema ile. Haonekani hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya kamera kule Yaeda Chini, awashushe ng'ombe majini taratibu, wasimame pale walipotakiwa, wasishtuke kwa taa na nyaya. Wakikosea, anawapandisha tena, wanaanza upya. Alifanya hivyo kiangazi chote, katika vumbi lile. Akarudi nyumbani kifua kimembana, na tukamzika kazi ikiwa imebaki kidogo tu. Mdogo wake, Joakimu, akaenda kuwarudisha ng'ombe nyumbani.

Modest, kijana aliyetengeneza sinema, alikuwa amekaa uani kwangu kabla hawajaanza, akatueleza habari za majina. Ya mwanzo ni machache, alisema, ni ya wale ambao mtu akiwasoma anatulia kuangalia: waigizaji wanaojulikana, mwongozaji, aliyegharamia. Ya mwisho ni ya wote waliotoka jasho. Dereva yumo, mpishi wa chai yumo, kila mtu na kazi yake. Na sinema ikionyeshwa popote, hata nchi za mbali, jina linakwenda nayo. Hermani alilipenda sana jambo hilo. Alikuwa mtu asiyetaka makuu, lakini siku ile alimwambia Modest aandikwe Hermani Akonaay, jina lote.

Katikati ya sinema nilisikia mluzi wake. Ng'ombe mwekundu aligoma kuingia majini, ukasikika mluzi, mfupi, mfupi, halafu mrefu, naye akaingia. Nilishika rozari yangu. Nikajisemea, ngoja, jina lake linakuja na wote watajua.

Jina likaja. Mwongoza ng'ombe, Joakimu Akonaay.

Nilimwambia Restituta arudishe nyuma. Akarudisha, akasimamisha pale pale, maandishi yakakaa makubwa kwenye shuka. Waliokuwa wamefika mlangoni wakageuka kuangalia, na mmoja akaanza kupiga makofi. Wakapiga wote. Joakimu alivua kofia akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Hasira niliyoipata sijui niiandike vipi. Nilipita katikati ya mabenchi mpaka alipokuwa, na makofi yakafa yenyewe. Nikamuuliza jina lake limefikaje pale.

Hakukana. Alisema wenzake Modest walipiga simu kuhakiki majina, wakauliza nani alikuwa na ng'ombe, na yeye ndiye aliyekuwa nao mwishoni. Simu yenyewe ilikuwa ya Hermani. Katika ukoo wetu mjane hukaa ndani, hatembei wala haongei na wageni mpaka atolewe na wazee, na vitu vya marehemu vinashikwa na ndugu yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa ndani nalia, na yeye yuko nje na simu ya mume wangu, anajibu kwa niaba ya nyumba yangu.

"Shemeji, usituaibishe mbele ya watu," alisema. "Marehemu atalifanyia nini jina la sinema? Mbinguni hawaangalii sinema."

Watu walicheka. Hata mzee mmoja wa kanisa alicheka, nilimwona.

"Mbinguni jina lake liko," nilisema. "Mimi nataka la hapa."

Kicheko kikakatika. Nikatoa simu yangu, nikampigia Modest, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. Aliniamkia, akanipa pole za msiba, nikamweleza yote bila kupunguza. Kisha akasema nakala zilizokwisha kusambaa hawezi kuzifuata, ila ya mtandaoni na zitakazotoka baadaye zinarekebishika. Lakini Joakimu mwenyewe ndiye aliyethibitisha, kwa hiyo atamke mwenyewe.

Nikamwekea Joakimu simu mbele ya mdomo.

Aliangalia mlango. Mlangoni walijaa watu, na hakuna aliyesogea. Alisema tuongee nyumbani, mambo ya ukoo hayasemewi ukumbini. Nikamjibu kwamba makofi ameyapokea ukumbini. Mkono wangu ulianza kuchoka lakini sikuushusha. Modest kule akaita, haloo, haloo.

"Ng'ombe waliongozwa na kaka Hermani," alisema Joakimu mwishoni, kwa sauti ya chini.

"Sijakusikia vizuri, mzee," alisema Modest.

Ikabidi aseme tena, kwa nguvu. Modest akauliza kama yeye Joakimu aondolewe kabisa. Joakimu akaniangalia. Ningeweza kusema aondolewe, na moyo wangu ulitaka hivyo. Lakini ningekuwa nimedanganya kama yeye.

"Aandikwe alichofanya," nilisema. "Alirudisha ng'ombe nyumbani."

Safari hii waliocheka walimcheka yeye. Akavaa kofia akatoka.

Alhamisi iliyofuata, sala ya jumuiya iliangukia nyumbani kwake. Nilikwenda, maana jumuiya si mali yake. Aliniletea kigoda, nikashukuru, nikaketi. Tuliimba, tukasoma neno. Kwenye Baba Yetu, tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo. Yeye alikuwa karibu, akasikia sauti yangu imekatika, akageuka kunitazama. Sikuinamisha macho.

Modest amesema nakala mpya iko njiani. Ikifika, Restituta ataifungua mbele yangu, na nitalisoma jina la mume wangu kwa macho yangu. Hapo ndipo nitakapoyasema maneno yale. Mungu ananijua, hapendi niyaseme kwa mdomo mtupu.