Mtindi Kwenye Kidimbwi cha Saba

Mtindi! Nirupa aliisoma karatasi ya maabara mara tatu. Mwaka wa pili huu alikuwa akichota maji kwenye vidimbwi kumi vinavyobaki miambani Veraval, pwani ya India, bahari inapokupwa, vinasaba visomwe, ijulikane vijidudu gani wanaishi humo. Kidimbwi cha saba kilijaa bakteria wa mtindi.

Mkubwa wake, Profesa Mankad, akapiga simu. "We Nirupa, unakunywa mtindi juu ya chupa zangu?"

"Sinywi, sir. Vidimbwi vingine tisa ni safi."

"Basi nieleze huo mtindi umetoka wapi. Ukishindwa, kazi yote naitupa. Nani atatuamini?"

Wiki ile hakuna mwingine aliyempigia. Tangu afiwe na mumewe alikuwa bado akipika roti za watu wawili, akila za mmoja. Upweke ulikuwa unamtafuna, tusidanganyane.

Jumanne maji yalipokupwa akawahi, akajibanza nyuma ya mwamba. Akaja mama wa Kikharva, wale jamii ya wavuvi, bangili tele mikononi, kabeba lota, chombo kidogo cha shaba. Akachuchumaa, akamimina mtindi kidimbwini huku akizungumza na maji. "Bei ya samaki imeshuka. Kanku kajifungua tena, wa kike. Kunywa, jira nimetia."

"Kumbe ni wewe, mama!"

"Na wewe ndiye mwizi wa maji," alijibu yule mama, wala hakushtuka. Jina lake Puriben. "Baba yake Kanku alikwenda baharini, huu mwaka wa kumi na moja. Aliniagia hapa. Bila mtindi hashibi yule."

"Anaitwa nani?"

"Ala! Mke mzima nimtaje mume wangu jina? Hukufundwa wewe?"

Nirupa akacheka, na ilikuwa miezi hajacheka. Wakaongea mpaka maji yakawafuata miguuni. Tangu hapo kila Jumanne walikutana pale.

Lakini Mankad hakutaka hadithi, alitaka uthibitisho: mama aache miezi mitatu, ionekane kama bakteria wale watatoweka. Nirupa akamweleza Puriben, macho chini.

"Kama ni riziki yako, mwanangu, naacha." Puriben akaifunika lota kwa upindo wa sari, akaondoka na mtindi wake.

Jumanne iliyofuata hakuja, wala zile zilizofuata. Miezi mitatu ikapita, kidimbwi kikawa safi, kazi ikakubaliwa. Nirupa akanunua peremende za maziwa, akaenda kumtafuta Puriben soko la samaki.

"Puriben?" muuza samaki alisema. "Kahamia kwa bintiye, Surat. Kavunja bangili zake zote kwanza, kama wafanyavyo wajane. Anasema hana tena wa kumngoja hapa."

Nirupa akaenda miambani na chupa yake ya mtindi. Alikaa sana pembeni mwa kidimbwi cha saba. Kisha akaumimina wote.

"Baba yake Kanku," akasema, maana jina jingine hakuambiwa, "kazi yangu imekubaliwa."

Hakuwa na mwingine wa kumwambia.