Mkoba wa Siwema Begani kwa Nassoro

1.
Hakuombwa. Hilo tuliweke wazi mapema.

Siwema aliinama kuchagua soksi katika soko la Bupyeong, mjini Busan, Korea Kusini, na aliponyanyuka, mkoba wake haukuwa begani. Ulikuwa begani kwa Nassoro, mumewe. Ameutundika, anatazama miavuli, wala hana habari.

2.
Vilivyomo mkobani:
pasipoti
kanga ya kujifunika kwenye ndege
picha ya Salha, miaka sita, kapengo mbele
tiketi ya kurudi Tanga (zimebaki siku tisa)
miaka miwili ya kumngoja mume anayesomea uhandisi huku

3.
Mwanamume yuleyule, Ngamiani, Tanga, miaka sita nyuma. Siwema ana mimba ya miezi minane na kikapu cha sokoni. "Nipokee, mume wangu." Nassoro akatupa jicho kwenye kijiwe cha kahawa, wenzake wamejaa.

"Watanionaje?"

Akatangulia mbele.

4.
TANGAZO LA KIPAZA SAUTI
(kama simu ya Siwema ilivyolitafsiri)
Wateja waheshimiwa, mnaombwa kuzingatia mali zenu binafsi. Uongozi wa soko hautawajibika kwa kitu chochote ambacho mwenyewe amekiacha mikononi mwa mtu mwingine.

5.
Wewe unayesoma unasema: makubwa! Mume kampokea mkewe mzigo, mke ananuna?

Ngoja. Tazama sokoni. Kila kijana aliyefuatana na msichana amebeba mkoba wa kike: mwekundu, wa manyoya, wenye vishada. Ndiyo desturi ya huku, na Siwema ameiona tangu siku ya kwanza. Lakini kuiona si kuizoea. Mkono hauzoei mkoba kwa kutazama, unazoea kwa kubeba. Mimi ninayesimulia niko upande wa Siwema, wala sijifichi.

6.
Ujumbe wa sauti kutoka Tanga, wa Mwantumu, dada yake Siwema, aliyekwisha kusimuliwa:

"Mdogo wangu, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Kula vyakula vya watu, piga picha, urudi salama."

                    (jogoo anawika)

"Hebu kwanza. Kautundika bega gani?"

Siwema akaandika: la kushoto.

"Mh."

7.
Kwenye kibanda cha chakula, samaki wa kusagwa wanachemka vijitini na vipande vya unga wa mchele vinatokota kwenye rojo la pilipili. Mwenye kibanda, mama wa makamo, anawamiminia mchuzi kwenye vikombe vya karatasi. Anautazama mkoba. Anamtazama Nassoro. Anacheka, anasema neno.

Nassoro hatafsiri.

Siwema anainua simu, anamwomba mama yule kwa ishara arudie. Anarudia kwa furaha.

MUME HUYU AMEFUNDISHWA VIZURI.

8.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haya, sawa. Mama mkwe hakumfunza, Siwema anamjua. Ulimwengu ndio uliomfunza.

Ulimwengu huo unaitwa nani?

Nywele zake zinafika wapi? Anacheka vipi? Mkoba wake ulikuwa mwepesi au mzito? Na kilichomuuma zaidi, pale pale mbele ya masufuria: alikuwa ameupenda ule wepesi wa bega lake mwenyewe. Ameutaka miaka yote. Na mwingine alikuwa ameupata kwanza.

9.
"Baba Salha."

"Naam, Mama Salha."

"Huo mkoba."

"Niachie tu, wala si mzito."

"Nani alikuzoesha?"

"Watu wa huku wote wanabeba, si unawaona?"

"Sikukuuliza watu wa huku."

Nassoro akaweka kikombe. Akaushusha mkoba taratibu, akaushika kwa mikono miwili kifuani.

"Siwema," alisema.

Si Mama Salha.

Siwema.

"Kuna mtu darasani kwetu. Anaitwa—"

10.
Kipande cha unga wa mchele, chekundu kwa pilipili, kinafuka moshi, kikaingia kinywani mwa Nassoro kabla jina halijatoka. Mkono uliokipeleka ulikuwa wa Siwema. Jioni nzima alilitaka hilo jina. Limefika mdomoni, akalirudisha ndani.

"Kula kwanza," alisema. "Kitapoa."

Macho ya Nassoro yamejaa machozi. Ya pilipili, au si ya pilipili. Mwenye kibanda anawapigia makofi: wanalishana!

Siwema hacheki. Anamtazama Nassoro kooni.

Anatafuna.

                    Anatafuna.

Akimeza, jina litapata njia.