Ukuta wa Ghorofa ya Tatu

Ukuta ulianza kusali wiki chache baada ya mazishi ya Bi Vandeputte. Nyumba yake ilikuwa tupu, maji yamefungwa, umeme umekatwa, funguo ziko kwa mwenye jengo. Hata hivyo, kila alasiri sauti ilipenya kwenye plasta, ya chini, yenye kujirudia, kama ya mtu anayembembeleza mtoto aliyegoma kulala.

Sisi watu wa mji huu wa Roubaix tuna adabu zetu. Miaka nenda miaka rudi tulisalimiana naye ngazini; tulimjua paka wake, hatukumjua Mungu wake. Kumuuliza kungekuwa sawa na kumfunua mtu shuka akiwa usingizini. Basi kwenye mkutano wa wapangaji kila mmoja alilalamikia kelele, na kila mmoja akasema, "Mabomba." Fundi akaja, akagonga, akatuambia mabomba ni makavu. Tukaandika malalamiko mapya, juu ya mabomba yale yale.

Tassadit, jirani wa ukuta huo, ndiye pekee aliyetamka kwamba ni sala. Dua za Kiislamu za kwao milimani, alisema, kwa sauti ya dada yake marehemu. Mwanawe Idir akamtafutia nafasi katika makao ya wazee.

Siku Idir alipokuja na sanduku la kufungashia nguo, mama yake aliniita kwake.

"Firmin, mdomo wako uliwahi kufunga kiwanda kizima. Mwambie huyu kwamba sina wazimu."

Idir akacheka. "Mzee Firmin? Haamini hata utabiri wa mvua. Haya, mzee, ukuta unasali?"

Mimi ndiye niliyepanda juu ya mapipa nikihubiri kwamba dini ikae chumbani kwa mwenyewe, na mlango ufungwe. Sijawasahau mapadri waliokula mezani kwa matajiri wakati wa mgomo, kisha wakaja kuwaambia mama zetu wenye njaa: vumilieni. Mama yangu alivumilia hadi kaburini.

Na kila alasiri, kwangu, upande wa pili wa nyumba ile tupu, nilimsikia mama yangu akisali rozari. Alikosea pale pale alipozoea kukosea.

Nikalitazama sanduku. "Nasikia," nikasema.

"Unasikia nini?"

Tassadit akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Usimuulize hivyo, Idir. Hayo ni yake. Kasema anasikia, yatosha."

"Mmezeeka nyote wawili," Idir akasema. Lakini hakulifunga sanduku.

Sauti ikaanza, polepole, ndani ya plasta. Tassadit akainamisha kichwa. Mimi nikakaza macho nje, kwenye dohani la kiwanda kilichokufa. Idir hakututazama; aliutazama ukuta. Alinyoosha mkono, akawasha televisheni, akaongeza sauti, akaongeza tena, hadi bilauri zikatetemeka kabatini.