Jeneza la Losambi

Chimène alishuka na karai la mihogo ya kuloweka kichwani, kama alivyofanya miaka yote aliyopika chikwange, mikate ya mihogo, za kuuza soko la Mangobo, akakuta kijito Losambi kimekufa. Kilikuwa kimelala chali, rangi ya majivu, na kaa wake wamekufa ukingoni. Harufu ya dawa ya mbao ilitoka juu, kwenye kiwanda cha mbao cha Papa Léon, ambacho kilikuwa kikimwaga dawa hiyo majini tangu kiangazi. Chimène alitua karai, akalia kidogo, kisha akaenda kumwita mdogo wake Patrice, seremala.

Patrice aliipima maiti kwa mikono. Mbao alizinunua kwa Léon huyo huyo, maana hakukuwa na za bei nafuu zaidi. Kijito kilikunjwa kama mkeka, kikaenea vizuri kwenye jeneza la mtu mzima. Matanga yalikaliwa nyumbani kwa Chimène na majirani walileta kahawa.

Aliyeuawa hakubali kwenda makaburini kabla hajamwonyesha aliyemuua. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Patrice na wenzake walipoliinua jeneza, liliwavuta upande mwingine kabisa.

"Yaya, sanduku inakamata njia yake," Patrice alimwambia dada yake huku akihema.

"Muiache iende."

Likakatiza sokoni, wenye pikipiki wakaliachia njia, na huko mbele likagonga geti la Léon mpaka rangi ikabanduka. Léon alitoka na kitambaa cha kulia chakula kifuani. Aliliangalia jeneza, akaliangalia geti.

"Poleni na matanga," alisema. "Lakini mambo kama hii, muende tribunali."

Wakaenda tribunali.

Jaji hakuukataa ushahidi wa jeneza. Kazini kwake alikuwa amesikiliza mashahidi waongo wengi kupindukia. Kesi ilipoitwa, jeneza liliteleza lenyewe sakafuni, likawapita mawakili, likasimama juu ya viatu vya Léon. Karani akaandika kwamba limesimama juu ya viatu vya Léon. Chimène alitaka kitu kimoja tu: jaji atamke kwa kinywa chake ni nani aliyemuua Losambi.

Wakili wa Léon alisafisha koo.

"Marehemu iko na carte d'électeur?"

Marehemu hakuwa na kadi ya mpiga kura.

"Bon," jaji alisema. "Sheria inajua mutu, inajua société, kampuni. Muto haijui. Kitu haiko mutu, haiwezi kuuliwa." Akafungua ukurasa mwingine. "Alors, maiti ilibebwa mu mji bila permis. Ile iko kosa."

Patrice akapewa miezi sita gerezani kwa kubeba maiti bila kibali.

Chimène alisimama. "Papa juge, kwa kuuliwa haiko mutu, kwa kubebwa iko mutu?"

"Mama, ikala."

Akaketi.

Jeneza lilibaki kwenye korido ya tribunali kama kielelezo cha ushahidi. Haikuchukua muda likaanza kuvuja maji ya Losambi ya zamani, safi na ya baridi. Mabomba ya mji yalikuwa makavu, basi karani akatoboa ubavu wa jeneza, akapachika bomba, na watu wakaanza kupanga foleni na bidoni zao za kutekea maji. Jaji aliyasifu sana maji hayo kwenye chai.

Chimène naye hupita hapo kuteka maji kila anapompelekea Patrice chakula, kwa kuwa mihogo haijiloweki yenyewe. Juzi alikuta gari la kiwanda limeegeshwa mlangoni, na dereva wa Léon anajaza mapipa. Mapipa yalinuka dawa ya mbao. Dawa hiyo, dereva alimweleza karani, haikubali kuchanganywa na maji machafu.

Chimène aliinama akaweka bidoni yake chini ya bomba.

"Mama, fuata foleni," dereva alisema. "Kila mutu na zamu yake."

Jeneza likateleza, likasimama juu ya kiatu cha dereva. Yeye alilisukuma kwa goti likarudi ukutani, akaendelea kujaza. Chimène akachukua bidoni yake, akaenda kusimama nyuma.