Chumba Kinachotazama Stesheni

Chumba cha Limi kilitazamana na stesheni ya Shinyanga, na kwa hilo alijiona amepata. Treni ya abiria ikisimama, alitoka na beseni la michembe, akaviuza viazi vyake vikavu madirishani mwa mabehewa na kurudi kabla binti yake Nelly hajaamka. Ubaya ulikuwa ukuta. Kila treni ilipopita, ufa wa juu ya kitanda ulimwaga vumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema watu. Lakini ukuta ule ulikuwa wa mwenye nyumba, na ufa ulikuwa wa mpangaji.

Mwenye nyumba, Mama Cornel, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kesho. Fundi angekuja kesho. Mvua zilipoanza, akaona haya.

"Mama Nelly, hamia kile chumba cha uani. Kodi ni ileile. Huu ukuta mimi siuamini."

"Siwezi, mama. Mpaka baba Nelly arudi."

Mama Cornel hakubisha, maana mambo hayo huku yanajulikana. Onesmo, mume wa Limi, alipokwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa, mganga alimpa sharti: chumba alichotokea ndicho atakachorudia. Mkewe akihama, hata mlango wa pili tu, duara, yaani shimo la dhahabu, linajifunga, na aliyemo hatoki. Cheka ukitaka. Limi hakucheka, mume alikuwa wake, na shimo lilikuwa refu.

Hata hivyo alimpigia simu.

"Baba Nelly, ukuta umeanza kuinama. Nihamie uani?"

Nyuma ya Onesmo pikipiki zilikuwa zikipiga honi.

"Si unalijua sharti?"

"Nalijua."

"Basi vumilia kidogo, mke wangu. Tumeukaribia mwamba wenye dhahabu."

Limi akasogeza kitanda upande wa pili wa chumba. Moyo ukamtulia kidogo.

Siku mbaya ilipofika, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Treni iliingia mchana, naye akatoka na beseni amelifunika kwa nailoni, Nelly akiwa usingizini. Alikuwa akimrudishia abiria chenji aliposikia kishindo. Ukuta haukuanguka peke yake, ulishuka na bati na mbao zake. Majirani walifukua kwa mikono. Walimtoa mtoto akiwa na joto bado, lakini hakuwa akipumua.

Onesmo alipigiwa simu, akafika jua halijazama. Limi alishangaa, maana Rwamgasa ni mbali. Kisha akamwona vizuri: alikuwa amekuja na pikipiki, amevaa kizibao cha bodaboda, mgongoni kimeandikwa jina la kijiwe cha Kahama.

"Duara je?" akamuuliza.

Onesmo aliinamisha kichwa. "Tuliliacha tangu msimu wa pamba. Halikuwa na kitu. Niliona aibu kurudi mikono mitupu."

"Nilikuuliza nihame."

"Ningekwambia uhame, ungejua simo tena shimoni."

Limi alimchukia, na uchungu wa mtoto ukamzidi hata chuki.

Mama Cornel akafungua chumba cha uani, waombolezaji wapate pa kukaa. Wanawake wakamshika Limi mkono, wakamwingiza, wakamketisha mkekani. Akazitazama kuta zote nne, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzima.